Mtoto wa Nguruwe Anaharisha? Usimkatie Maziwa

Wafugaji, karibuni tena Uyole, Mbeya. Baridi ya leo ni kali mpaka mama nguruwe ananitazama kama mimi ndiye niliyeileta. Na nyie wa kitimoto, tulieni, huyu ana siku 2 tu.

Mwoneni. Baraka, sogeza simu. Sogeza, mwanangu, hang'ati! Mkia umelowa, mgongo ameupinda, wenzake wamemwacha peke yake. Umri huu, kuharisha hivi mara nyingi ni bakteria, E. coli. Dawa utapewa na daktari wa mifugo, mimi leo nashughulika na tumbo.

Joto kwanza: boksi, majani makavu, taa, nyuzi 32 hadi 35. Twende.

Hii ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, niliikamua siku mama alipozaa nikaigandisha. Ipashe ndani ya maji ya vuguvugu. Ukiibandika jikoni itashikana kama yai, kinga zote kwisha. Kweli, kwa siku ya 2 kinga haziingii tena kwenye damu, utumbo umeshajifunga, lakini humohumo tumboni bado zinapigana.

Najua kuna mzee ataandika hapo chini, "mnyime maziwa tumbo lipumzike." Shikamoo mzee, ila hapana. Mtoto mchanga wa nguruwe anajenga protini ya misuli kwa kasi ambayo hataipata tena maishani, ndiyo maana ndani ya wiki moja hivi uzito unakuwa mara mbili. Maambukizi yakiingia, misuli inapunguza ujenzi. Ini linaongeza! Linatengeneza protini za kupambana, haptoglobini na wenzake. Watafiti wa Houston, Marekani, waliwapa watoto wa nguruwe endotoksini, sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria kama hawa, wakakuta hivyo hivyo: misuli chini, ini juu. Halafu wakawaongezea asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, kwenye damu, na misuli ikapandisha ujenzi, sumu ikiwa bado imo. Asidi amino za huyu wangu ziko kwenye maziwa. Ukimnyima, ini litachukua kwenye misuli yake mwenyewe.

Sasa mpira, huu wa kupitisha maziwa mdomoni hadi tumboni. Hapa tulieni, maana hapa niliwahi kuua.

Pima kutoka puani hadi ubavu wa mwisho, weka alama kwa plasta. Mkalishe kwa tumbo, kichwa kawaida. Usimlaze chali! Pitisha juu ya ulimi, polepole, aumeze mwenyewe... anameza, mnaona koo? Anameza. Akikohoa, toa. Akikosa sauti, toa. Usijiambie "nimeshafika, namalizia." Mimi nilimalizia. Maziwa yakaingia kwenye mapafu, asubuhi nikamkuta amekauka.

Kabla ya maziwa, chovya ncha ya nje kwenye kikombe cha maji. Mapovu yakitoka kila anapopumua, uko kwenye mapafu. Toa. Nimesema toa.

Aa, umeme! Baraka, washa tochi ya simu. Si hiyo unayorekodia... haya, hiyo hiyo. Chupa ya maji ya moto, ivingirishe kitenge, weka ubavuni mwake. Mpira nimeutoa, naanza upya. Kupima, ulimi, anameza, kikombe... hakuna mapovu. Safi.

Bomba la sindano, bila sindano jamani, chomoa kile cha kusukumia. Mimina dang'a mililita 15, linyanyue bomba, ishuke yenyewe. Usisukume. Ukimaliza, kunja mpira uubane ndiyo uvute, usije ukadondosha tone kooni njiani.

Katikati ya milo, maji ya ORS kwenye kisahani. Mpira kama huu nauza, maelezo yako chini ya video, na ninapenda huu laini, ule mgumu unachubua.

Tazama, ananyonya kidole changu. Namrudia baada ya saa mbili. Baraka, zima, chaji inaisha.