Mwache Aulize

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wapendwa. Mimi ni Rehema, na niko na kaka yangu Musa kama kawaida.

MUSA: Nipo, dada Rehema. Leo tuanze na ujumbe wa msikilizaji, maana umenikaa moyoni tangu niliposoma.

REHEMA: Tusomee.

MUSA: Mama mmoja anasema alikuwa ndani ya basi na mwanawe wa miaka minne. Kiti cha mbele yao alikaa mzee mwenye upara unaong'aa. Mtoto kamtazama weee, mwisho akauliza kwa sauti ya basi zima kusikia: "Babu, nywele zako zimeenda wapi?" Mama akamziba mdomo kwa kiganja, akaomba radhi mpaka pumzi zikamwishia, wakashuka kwenye kituo ambacho hata si chao. Sasa anatuuliza: mtoto akiropoka mbele za watu, nifanyeje?

REHEMA: Wakashuka! [kicheko] Jamani, mama wa watu. Na mzee alisemaje?

MUSA: Hapo ndipo panaponiuma. Hajui, maana mzee hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Na mimi nimeshuhudia swali hilohilo kwenye lifti. Binti mdogo alimuuliza bwana mmoja mwenye upara na ndevu nyingi. Yule bwana akajipapasa kichwa taratibu, kama ndiyo kwanza anagundua, akamwambia, "Zimehamia huku chini," akamwonyesha ndevu. Binti akazichunguza, akauliza, "Zilipita wapi?"

REHEMA: [kicheko] Swali la haki kabisa!

MUSA: Na akaonyeshwa njia! Bwana kapitisha kidole mbele ya sikio, kikateremka shavuni, mpaka kidevuni. Watu wote tunakifuata kile kidole. Mlango wa lifti ukafunguka, hakuna aliyetoka.

REHEMA: Nampenda huyo bwana na sijamwona. Basi msimamo wangu nautoa mapema, Musa. Mtoto akimuuliza mtu jambo mbele yako, na ndani yake hakuna tusi wala dhihaka, usimzibe mdomo. Mtazame kwanza aliyeulizwa. Jibu ni lake, si lako.

MUSA: Hata swali likiwa zito? Upara ni jambo jepesi, dada.

REHEMA: Hasa likiwa zito. Ngoja nikusimulie. Nilikuwa kwenye chumba cha kusubiri kumwona daktari. Unajua vile vyumba, kila mtu anatazama sakafu. Mbele yangu kakaa bwana mmoja mtu mzima, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti, magongo kayaegemeza ukutani. Akaingia mama na mvulana mdogo. Yule mtoto hakukaa. Akaenda moja kwa moja mbele ya yule bwana, akainama, akachungulia chini ya kiti.

MUSA: Anatafuta nini chini ya kiti?

REHEMA: Mguu!

MUSA: Oh, jamani.

REHEMA: Hakuuona. Akainuka, akauliza, "Mguu wako mwingine uko wapi?" Mama yake alishaanza kumvuta mkono. Yule bwana akasema, "Mwache aulize, mama." Akamjibu kwa utulivu kabisa: "Uliumia vibaya sana, haukuweza kupona. Madaktari wakaukata ili mimi nipone." Mtoto akafikiri. Halafu akauliza, "Uliuaga?"

MUSA: Uliuaga... mguu?

REHEMA: Mguu. Yule bwana alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Kisha akacheka, Musa, akacheka mpaka macho yakajaa machozi. Akasema, "Nilikuwa nimelazwa usingizi wa dawa. Nilipoamka ulikuwa umeshaondoka. Sikuuaga." Mtoto akamwambia, "Basi uage sasa."

MUSA: Akauaga?

REHEMA: Mbele yetu sote. Akainua mkono, akaupunga kuelekea pale chini palipo patupu: "Haya, kwaheri mguu wangu." Mtoto naye akapunga. Baadaye yule bwana alimwambia mama wa mtoto kwamba watu humuuliza ajali ilikuwaje, gari gani, nani mwenye makosa. Kuhusu mguu wenyewe, kwamba alikuwa nao na ameupoteza, hakuna aliyewahi kumuuliza.

MUSA: Umeniweza, dada. Sisi watu wazima tungeangalia pembeni, tukaita heshima.

REHEMA: Na pembeni huko ndiko tunakowafundisha watoto kuangalia. Mtoto mdogo akikutana na jambo geni, husoma kwanza uso wa mzazi. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 na James Sorce na wenzake, kule Marekani. Waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza kubwa ya kioo iliyotengenezwa ionekane kama ina shimo upande mmoja. Mama anasimama ng'ambo, haruhusiwi kusema neno, ni uso tu. Wale ambao mama zao waliwaonyesha uso wa furaha walikuwa 19, wakavuka 14. Wale walioona uso wa hofu walikuwa 17.

MUSA: Wakavuka wangapi?

REHEMA: Hakuna. Hata mmoja.

MUSA: Mh!

REHEMA: Sasa mchukue mama wa yule mvulana. Angeshtuka, akamnyakua mtoto na kumbeba mbio, mtoto angesoma nini? Kwamba mtu mwenye mguu mmoja anatisha. Mzazi hakusema hivyo wala hakukusudia, lakini uso wake umeshasema.

MUSA: Hapo nakubali, ila nina mawili. La kwanza: nina rafiki anayetumia kiti cha magurudumu. Ananiambia kuna siku hataki kabisa kuwa somo la mtoto wa mtu. Anataka afike anakokwenda, basi.

REHEMA: Na ana haki hiyo. Ndiyo maana nikasema mtazame aliyeulizwa. Akitabasamu, akigeuka kumwelekea mtoto, mwache. Akiinamia simu au akigeuza uso, wewe mzazi lichukue swali palepale: "Mwenzetu hataki kuongea sasa hivi, tutalizungumza tukifika." Na mkifika, mlizungumze kweli. Mtoto aliyekosa jibu barabarani na nyumbani pia ataamua mwenyewe kwamba lile jambo ni aibu.

MUSA: Na akicheka? Au akinyoosha kidole?

REHEMA: Hilo unamrekebisha hapohapo, kwa sauti ya kawaida, bila kumfinya. Kuuliza na kucheka mtu ni vitu viwili.

MUSA: La pili ni usalama. Tunawaambia usiku na mchana wasiongee na watu wasiowajua.

REHEMA: Tunawaambia, halafu tukiwa nao tunawasukuma: "Msalimie mjomba huyu," na huyo mjomba hawajawahi kumwona. Wanachanganyikiwa. Mimi napendelea kanuni iliyo wazi zaidi: huondoki na mtu yeyote kabla hujaniambia, na hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kukupa siri ya kunificha mimi. Yeyote, awe mgeni au ndugu, kwa sababu wanaodhuru watoto mara nyingi ni watu wanaofahamika na familia. Kuongea na mtu mkiwa pamoja, wewe mzazi umesimama hapo, huko ndiko mtoto anakojifunzia kuwasoma watu.

MUSA: Sawa, nimeridhika. Sasa na mimi nina utafiti wangu, naupenda kupita kiasi. Felix Warneken na Michael Tomasello, mwaka 2006, mjini Leipzig, Ujerumani. Walichukua watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima asiyefahamika anaanika nguo, anaangusha kibanio, anakinyooshea mkono, hakifikii. Au ameshika rundo la vitabu mikono miwili, anajigonga kwenye kabati lililofungwa.

REHEMA: Na mtoto anatazama tu?

MUSA: Watoto 22 kati ya 24 walisaidia angalau mara moja. Bila zawadi, bila hata kuambiwa asante. Mtoto wa miezi 18, kutembea kwenyewe bado anayumba, anakwenda kufungua kabati! Na yule mtu akikitupa kibanio makusudi, mara nyingi mtoto anakiacha palepale. Wanajua nani anahitaji msaada.

REHEMA: Eeh, huyo ndiye binadamu tunayemwita hajui kitu.

MUSA: Ndiyo maana nilipoona tukio moja kwenye foleni nikaelewa kilichokuwa kikiendelea. Bibi mmoja mkoba wake ulipinduka: miwani, kitana, karatasi, vyote chini. Mtoto mdogo akajitoa mikononi mwa baba yake, akaanza kuokota kimoja kimoja, anampa bibi, bibi anatia mkobani. Sakafu ikaisha. Mtoto akatazama huku na huku, akauona mkoba bado una nafasi. Akakaa chini, akavua kiatu chake, akampa bibi.

REHEMA: [kicheko] Ee Mungu wangu!

MUSA: Bibi akakipokea kwa mikono miwili. "Asante mwanangu, hiki ndicho kilikuwa hakipo." Akakitia mkobani, kisha akamrudishia baba kwa siri mtoto alipogeuka.

REHEMA: Huyo bibi apewe tuzo. Unaona, kila kisa tulichosimulia leo kina mtoto, lakini kina pia mtu mzima aliyekubali kuingia kwenye mchezo.

MUSA: Na wako wengi kuliko tunavyodhani. Nicholas Epley na Juliana Schroeder, mwaka 2014, waliwaomba abiria wa treni wa Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua njiani. Wengine walipoulizwa watajisikiaje wakifanya hivyo, walidhani safari itakuwa mbaya. Waliozungumza kweli walisema safari yao ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya.

REHEMA: Ila nani anaanza? Mtu mzima anaogopa kuonekana msumbufu. Mtoto haogopi. Mtoto mchanga akichungulia juu ya bega la mama yake akamtolea macho kijana aliyenuna, yule kijana atajificha nyuma ya simu yake na kuchomoza tena, na watatu jirani wataanza kuulizana huyu mtoto ana miezi mingapi.

MUSA: Na wa nne atasema wake alikuwa mkubwa kuliko huyo!

REHEMA: Huyo hakosekani. Mama yetu uliyetuandikia, safari ijayo usishuke kwenye basi. Mtazame mzee usoni. Akitabasamu, mwambie tu, "Mwanangu anasubiri jibu." Kisha utuandikie alivyojibu, maana Musa hapa hatalala.

MUSA: Silali kweli. Wiki ijayo tunazungumzia mababu na mabibi wanaojipa ushindi kwenye michezo ya wajukuu zao, na wajukuu wanaojifanya hawajaona. Kama kwenu yupo, tutumieni kisa chake.

REHEMA: Mimi ni Rehema.

MUSA: Nami ni Musa. Tuonane wiki ijayo.