Jenerali Aliyeongoza Vita Akiwa Ameketi

Haya ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Nimetoka shifti ya usiku, macho mazito, lakini silali kabla sijawaonyesha jiwe hili. Nalipita kila siku na sijawahi kusimama. Tupo barabara namba 5, kati ya mji wa Herkimer na Utica, jimbo la New York. Siyo lile jiji la maghorofa mnaloliona kwenye sinema. Huku ni mashamba, na mto Mohawk ule pale chini.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Granaiti, na juu yake kibao cha shaba. Umande umejaa ndani ya herufi, nikipitisha kidole unachuruzika. Mawe ya namna hii yaliwekwa 1912, yanafuata njia aliyopita Jenerali Nicholas Herkimer na mgambo wake Agosti 1777, wakati Wamarekani wanapigania uhuru wao kwa Waingereza.

Waingereza walikuwa wameizingira ngome ya Stanwix, mji unaoitwa Rome siku hizi. Herkimer akakusanya wakulima kama 800 kwenda kuiokoa. Yeye alitaka wasubiri ishara ya mizinga kutoka ngomeni. Maofisa wake wakamwita mwoga, wakamwita msaliti, maana ndugu yake wa damu alikuwa upande wa Mwingereza. Basi akatoa amri waende. Tarehe 6, kwenye korongo la Oriskany, wakaingia mtegoni.

Risasi ikamvunja mguu, farasi wake akafa. Akaomba tandiko liwekwe chini ya mti, akaketi, akawasha kiko chake na kuendelea kutoa amri. Aliona kwamba askari akishafyatua bunduki anavamiwa kabla hajaishindilia tena, akaagiza wakae wawili wawili kila mti, mmoja apige, mwenzake angoje. Jamani, mtu mguu umevunjika na bado anawaza hivyo! Wakambeba hadi kwake. Mguu ukakatwa vibaya, na siku kama kumi baada ya vita akafariki.

Sasa sikieni kilichonisimamisha hapa. Herkimer alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Ipo barua yake ya amri za kijeshi, maneno ameyaandika vile sikio la Kijerumani linavyoyasikia. Nilipoisoma nilitulia kimya. Mimi nimewahi kuambiwa kazini nirudie sentensi mara tatu, watu wakitazamana. Wengi wetu Utica hapa, Wakongo, Wabantu wa Somalia, tunayajua hayo macho. Na huyu, kaunti nzima ina jina lake.

Ila sitawaficha: nyumbani kwake kulikuwa na watumwa, watu weusi kama sisi. Jiwe halilisemi hilo. Nalisema mimi, kwa sababu nao waliishi bonde hili, wakalima ardhi hii, na hakuna aliyewachongea hata herufi moja.

Nyumba yake bado ipo, karibu na Little Falls, aliijenga 1764. Jumapili sina kazi, nitaenda na kamera. Nitauliza kwanza hao watu walikuwa wakilala wapi.