Epijenetiki: Swali Lililotoka kwa Yai la Panya

Mabibi na mabwana, hapa Nairobi tuna haki ya kuanzia Kisumu. Huko ndiko alikozaliwa mwanabiolojia Azim Surani mwaka 1945, na ndiye aliyekuja kuuliza, akiwa Cambridge: ikiwa kiinitete kinahitaji seti mbili za kromosomu, zote zikitoka kwa mama kuna ubaya gani?

Neno epijenetiki, ambalo leo hutaja jinsi jeni zinavyowashwa au kuzimwa bila herufi za DNA kubadilika, lilikuwapo. Conrad Waddington alilitumia 1942, umbo la DNA likiwa bado halijulikani. Mwaka 1961 Mary Lyon akaeleza kuwa katika seli za panya jike kromosomu X moja huzimwa. Huzimwaje? Mwaka 1975 Riggs, na kwa upande wao Holliday na Pugh, walipendekeza methili, kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni kinachopachikwa kwenye DNA.

Sasa lile yai. Mwaka 1984 Surani na wenzake walilichochea yai la panya bila mbegu ya kiume, likawa na kiini kimoja cha kike, kisha wakaliongezea cha pili. Wakitia cha kiume, panya anazaliwa. Wakitia cha kike, mimba inaharibika, na kondo la nyuma ndilo linalodumaa zaidi. Idadi ya jeni ni ileile! McGrath na Solter walifikia jibu hilohilo mwaka huohuo. Kumbe jeni hubeba alama ya mzazi.

Kuisoma alama yenyewe, yaani methili, herufi kwa herufi, kulingoja 1992, Frommer na wenzake walipotumia bisulfaiti ya sodiamu. DNA hupashwa moto nyuzi ziachane, ikalowekwa kwenye bisulfaiti yenye asidi, halafu ikatiwa alikali. C, moja ya herufi nne za DNA, ikiwa haina methili hugeuka yurasili, na PCR, mbinu ya kunakili DNA, huinakili kama herufi T. Yenye methili hubaki C.

Hapa ndipo wengi huungua. Bisulfaiti haishiki nyuzi zilizorudiana, kwa hiyo C hubaki na wewe unahesabu methili isiyokuwapo. Tia DNA ya kirusi lambda isiyo na methili kwenye sampuli: C yoyote itakayobaki humo ni ya ugeuzaji ulioshindikana. Ugeuzaji usipofika asilimia 99, rudia. Ukizidisha moto nao, DNA inakatikakatika, ndiyo maana tunanakili vipande vifupi, chini ya herufi 300 hivi.

Tena tangu 2009 tunajua kuwa tishu za mamalia, hasa ubongo, zina hidroksimethili, yaani methili iliyoongezewa oksijeni, ambayo bisulfaiti huiacha C vilevile. Ramani nyingi za methili ya ubongo zilizochorwa kwa njia hiyo zimechanganya alama mbili.