Italia 1922: nchi ilikabidhiwa, haikutekwa

Jamani, ukimuuliza mtu Mussolini aliingiaje madarakani atakwambia maandamano ya Roma, mashati meusi waliyovaa wafuasi wake, Oktoba 1922. Mafashisti wenyewe, yaani chama chake, waliipenda sana hiyo hadithi kwa sababu inawaonyesha kama mashujaa. Ukweli ni kwamba wale vijana walikuwa nje ya mji wamelowa mvua, silaha za kuungaunga, na jeshi lililokuwepo Roma lingewatawanya. Waziri mkuu Luigi Facta alishaandaa amri ya hali ya hatari, imebaki saini tu. Asubuhi ya tarehe 28 mfalme Vittorio Emanuele III akagoma kusaini. Mussolini alikuwa zake Milano, akaitwa, akapanda treni ya usiku, tarehe 30 akapewa uwaziri mkuu.

Hapa naomba tukae kidogo. Uchaguzi wa 1921 ulimpa wabunge 35 kati ya 535, na hao 35 waliingia kwa sababu mkongwe Giolitti, waziri mkuu wa wakati huo, aliwaweka kwenye orodha yake akidhani atawatumia kuwabana wasoshalisti halafu watatulia. Lakini Novemba 1922 kura ya imani ikapita 306 kwa 116! Hao wengine waliosema ndiyo ni waliberali, ni chama cha Wakatoliki, watu wasomi wanaojua sheria, na walishajua kinachoendelea bonde la mto Po kule kaskazini, magenge ya mafashisti yanafadhiliwa na wenye mashamba, yanachoma ofisi za vyama vya wafanyakazi, yanapiga watu virungu na kuwanywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu ili waharishe mbele za watu, polisi wapo wanaangalia tu. Walijua na bado wakasema ndiyo, maana waliogopa mapinduzi kama ya Urusi kuliko walivyoogopa virungu vinavyompiga mtu mwingine. Mimi hilo siwezi kulisamehe.

Mwaka 1923 bunge hilohilo likapitisha sheria ya Acerbo, yaani orodha ikiongoza na kupata walau asilimia 25 ya kura inabeba theluthi mbili ya viti.

Halafu Giacomo Matteotti, mbunge msoshalisti. Tarehe 30 Mei 1924 alisimama bungeni akaeleza wizi na vitisho vya uchaguzi wa Aprili, anazomewa, anakatizwa, anaendelea. Tarehe 10 Juni akiwa anatembea kando ya mto Tiber mchana kweupe mafashisti wakamtupia ndani ya gari, na mwili wake ukaja kuonekana Agosti porini nje ya Roma. Nchi ilitikisika kweli, kuna wafuasi walivua beji zao. Wapinzani wakasusia bunge wakisubiri mfalme amfukuze Mussolini. Mfalme kimya. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini akasema bungeni kwamba anabeba yeye dhamana ya yote yaliyotokea, na hakuna aliyemgusa.

Novemba 1926 vyama vya upinzani vikafutwa, waliosusia wakavuliwa ubunge, Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, akakamatwa akiwa bado mbunge.

Na haya hayakuishia kwao. Oktoba 1935 majeshi yake yaliingia Ethiopia kutokea Eritrea na Somalia, ndege zikamwaga gesi ya sumu juu ya watu na mifugo, na kule Roma hakukuwa tena na mbunge wa upinzani hata mmoja wa kusimama kuuliza.