Karatasi ya Picha: Fomula Haikupotea

Mabibi na mabwana, wapiga picha na mafundi wa Lubumbashi, karibuni.

Mwaka 2005 Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza karatasi ya picha nyeusi na nyeupe. Mwaka huohuo AgfaPhoto ya Ujerumani ikafilisika. Wengi hudhani fomula ndizo zilizopotea, kumbe zimejaa vitabuni. Kinachosumbua ni jelatini ya aina ileile, karatasi ya msingi iliyopakwa salfeti ya bari, chumvi za kadimi zilizoondolewa kwa sumu yake, na mashine ya kupaka ambayo haiwashwi kwa ajili ya karatasi mia mbili. Hata kampuni ya ADOX ya Ujerumani, ilipofufua karatasi ya Multicontrast Classic ya Agfa kwa jina la MCC 110, ilitegemea emulsheni ya Agfa yenyewe, yaani ule mchanganyiko wa jelatini na chumvi za fedha unaoshika mwanga.

Sisi tuanzie mezani, na karatasi ya kloridi ya fedha, ile ya kulaza negativu juu yake. Haishiki mwanga upesi, kwa hiyo taa nyekundu hafifu yatosha.

Kwanza maji. Tia tone la nitrati ya fedha kwenye maji ya bomba: yakigeuka meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, yana kloridi. Tumia yaliyotoneshwa. Katika mililita 100 loweka jelatini gramu 10 kwa dakika 20, kisha pasha hadi nyuzi 50 na utie chumvi safi isiyo na madini joto, gramu 4. Chombo cha pili kiwe na nitrati ya fedha gramu 10 katika mililita 40. Vaa glavu na miwani. Mkononi inaacha doa jeusi, jichoni inaharibu kabisa. Vyombo viwe vya kioo au plastiki.

Sasa zima taa nyeupe. Mimina fedha ndani ya chumvi kwa bomba la sindano, polepole, dakika 10, huku unakoroga. Usigeuze mpangilio. Gramu 10 za nitrati zinakula chumvi gramu 3.44 tu, kile kinachozidi ndicho kinachozuia fedha huru, ambayo hugeuza karatasi kijivu hata isipoona mwanga. Acha dakika 15 kwenye joto lilelile. Maji ya moto ya kutunza joto hilo yaletwe kutoka nje: jiko la makala ndani ya chumba cha giza lina mwanga wake, na hewa yake inaua.

Alumu ya kromu, dawa inayoifanya jelatini iwe ngumu, ya asilimia 5, mililita 3, iingie mwisho kabisa. Ukiitia mapema, emulsheni inavutika kama bamia na hailainiki tena.

Mililita 6 zatosha karatasi nene ya pamba ya sentimita 20 kwa 25. Mwaga katikati, sambaza kwa fimbo ya kioo, laza juu ya kigae. Mwezi wa kumi, kwa joto letu, jelatini haigandi, inakimbilia pembeni. Kigae kitoke kwenye friji. Mwezi wa saba inaganda vizuri, ila vumbi jekundu linatua, na kila chembe ni doa. Nyunyizia sakafu maji saa moja kabla.

Ikikauka gizani usiku mzima, kata kipande kisichoona mwanga, kitie kwenye dawa ya kusafishia (ile inayotokeza picha) dakika 2, kisha kwenye dawa ya kukaza (ile inayoondoa fedha isiyopigwa na mwanga). Kikibaki cheupe, chapa. Kikiwa kijivu, ongeza matone ya bromidi ya potasiamu ya asilimia 10 kwenye dawa ya kusafishia. Muda wa mwanga utarefuka, lakini weupe utarudi.