Mota Moja, Shafti Moja, Mashine Zote

Haya jamani, sogeeni mbele tusikizane. Karakana za nyumbani siku hizi kila mashine ina mota yake, lethi (mashine ya kukereza) yake, drili yake, msumeno yake, na wakati fundi ni mmoja na mikono ni miwili! Viwanda vingi vya karne ya 19 vilikuwa na injini moja tu ya mvuke au gurudumu la maji, inazungusha shafti ndefu, yaani mhimili wa chuma, chini ya dari, kila mashine inachukua nguvu yake pale kwa mkanda bapa. Hii kitu bado inafanya kazi, na mimi naipenda sana.

Spidi ni hesabu ndogo. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika, puli yake (gurudumu la mkanda) kipenyo milimita 75, puli ya shafti 360, shafti inazunguka 300. Basi.

Sasa watu huniuliza, mkanda bapa unakaaje kwenye puli isiyo na mfereji? Wengine wanaweka kingo pembeni, wapi, mkanda unazipanda na kujitafuna. Siri ni tumbo, yaani puli inanenepa kidogo katikati, kwa puli ndogo milimita moja hivi inatosha. Mkanda ukihamia upande, ule ukingo ulio karibu na katikati unakaa penye kipenyo kikubwa unavutwa zaidi, mkanda unajipinda kuelekea huko, kwa hiyo kila mzunguko unatua juu kidogo mpaka urudi katikati wenyewe. Raha kuangalia! Ila shafti mbili zisipokuwa sambamba tumbo halikusaidii, pima kwanza.

Kitu kingine, ukilazimisha kazi mkanda bapa unateleza kabla gia haijavunjika, kwa hiyo usiukaze kupita kiasi, utaua na beringi zinazoshika shafti bure.

Kuzima mashine moja unaweka puli mbili sawa ubavu kwa ubavu, moja imekazwa, nyingine inazunguka bure, unahamisha mkanda kwa uma wa mbao, na uusukume upande unaoingia kwenye puli, ule unaotoka hausikii. Ile ya bure itie oili, ndiyo husahaulika.

Na tafadhali, skrubu za puli zisichomoze, zinashika nguo. Weka kinga kila mkanda unaposhuka, mikono mirefu ya shati ikunjwe, na swichi ya mota uifikie ukiwa kwenye mashine yoyote, maana mkanda ukikamata nguo hutapata muda wa kutembea mpaka ukutani.