Msimu Mbaya si Hesabu ya Vimbunga

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika.

Ukitajwa msimu wa vimbunga wa Atlantiki wa mwaka 2020, watu hukimbilia hesabu: dhoruba 30 zilizopewa majina, 14 zikawa vimbunga. Orodha ya majina 21 iliisha Septemba, ikabidi zishikwe herufi za Kigiriki. Sawa. Lakini dhoruba nyingine huzaliwa na kufia baharini bila kung'oa hata bati moja. Mimi msimu naupima kwa waliopigwa mara ya pili kabla hawajainuka.

Chukueni Lake Charles, jimboni Louisiana. Tarehe 27 Agosti kimbunga Laura kilitua karibu na mji huo, pale Cameron, na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Mapaa yaliyoezuliwa yakafunikwa maturubai ya bluu. Tarehe 9 Oktoba kikaja Delta, kikapita mle mle. Kilikuwa dhaifu kuliko Laura, tena kwa mbali, ila turubai lililopigiliwa misumari halihitaji kimbunga kikubwa. Vifusi vya Laura vilikuwa bado vimerundikana kando ya barabara.

Nikaragua ndiko kulikozidi. Eta kilitua tarehe 3 Novemba kusini ya Puerto Cabezas; Iota kikafuata usiku wa tarehe 16, kilomita kama 25 tu kutoka pale. Ardhi ilikwisha kushiba maji. Nchini Honduras, mito Ulúa na Chamelecón ilifurika bonde la Sula, uwanja wa ndege wa San Pedro Sula ukazama. Waliokuwa wakizoa tope la Eta sebuleni wakaletewa jingine.

Kwa nini mwaka ule? Maji ya Atlantiki yalikuwa na joto kupita kawaida, na La Niña, yaani maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ilituliza zile pepo za juu ambazo kwa kawaida huvuruga dhoruba ikiwa bado changa. Na msidhani sisi hatumo: mawimbi ya hewa yanayozaa vimbunga vingi vya Atlantiki huanzia upande wetu huu, kuelekea Sudani na nyanda za juu za Ethiopia, yakavuka Saheli hadi baharini.

Machi 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliachana na herufi za Kigiriki. Zeta, Eta na Theta zilikuwa zikichanganya watu, nao waliohitaji tahadhari walikuwa wakishughulika na jina badala ya mvua. Sasa ipo orodha ya akiba ya majina ya kawaida.

Karibuni maswali.